Flashi Laini: Ukubwa wa Taa, Mng'ao wa Ngozi na Jua la Nairobi

Uso wa flashi ya kawaida, ile inayokaa juu ya kamera, una upana wa sentimita 7 hivi na kimo cha sentimita 4. Kwa mtu aliye mita 2 mbele yako, taa hiyo ni kitone tu, na kitone cha mwanga hutupa kivuli chenye ukingo mkali. Pua inachorwa shavuni, kidevu kinakata shingo, na ukutani nyuma yake anasimama mtu wa pili mweusi tititi. Kofia nyeupe ya plastiki inayouzwa kama dawa ya tatizo hili huongeza sentimita chache tu. Ivalishe flashi yako hapo Arboretum, bustani ya miti ya Nairobi, saa tisa alasiri na kivuli cha pua kitabaki vilevile, ila betri zitakuwa zimefanya kazi ya ziada bila faida.

Kinacholainisha mwanga ni ukubwa wa taa kama unavyoonekana kutoka usoni pa unayempiga picha. Mwavuli, softiboksi (sanduku la kitambaa linalovalishwa taa), shuka, ukuta mweupe, vyote vina kazi moja: kuigeuza taa ndogo kuwa kubwa. Kofia ya plastiki husaidia ndani ya chumba chenye kuta na dari nyeupe kwa sababu hurusha mwanga kila upande, kisha kuta zinaurudisha. Hapo taa kubwa ni chumba chenyewe. Nje hakuna wa kuurudisha.

Ukubwa huo una pande mbili, upana wa taa na umbali wake. Mwavuli wa sentimita 100 ukiwa mita 1 kutoka usoni hutoa kivuli laini sawa na kitambaa cha mita 2 kilicho umbali wa mita 2. Usogeze mwavuli uleule hadi mita 4 na umeurudisha kuwa taa ndogo, hata kama uliununua kwa bei kubwa. Kwa picha ya mtu mmoja, kichwa na mabega, kipimo kizuri cha kuanzia ni kuuweka mwanga karibu kama upana wake: softiboksi ya sentimita 90, umbali wa sentimita 90. Itaingia kwenye fremu mara kwa mara, na hiyo ni dalili kwamba uko mahali pazuri. Irudishe nyuma kidogo tu mpaka itoke.

Ngozi nyeusi na mng'ao wake

Hapa ndipo mafunzo mengi yaliyoandikwa kwa ngozi nyeupe yanatuacha njiani. Ngozi hurudisha mwanga kwa njia mbili. Mwanga mmoja huingia kidogo ndani ya ngozi na kutoka umebeba rangi yake. Mwingine hudunda juu juu, kwenye mafuta na jasho, kama kwenye kioo, na huo hauna habari na rangi ya mtu. Mng'ao wa juu una kiasi kilekile kwa mtu mweupe na kwa mtu mweusi, lakini kwa mtu mweusi rangi ya chini yake ni nzito zaidi, kwa hiyo mng'ao unajitokeza mno. Ukitumia flashi tupu, unapata doa jeupe kwenye paji la uso na lingine kwenye ncha ya pua, na madoa hayo hayana undani wowote wa kuokolewa kwenye kompyuta.

Sasa angalia kinachotokea ukisogeza taa karibu. Doa lile la mng'ao ni taswira ya taa yenyewe, na ukali wake unafuata ukali wa uso wa taa. Ukiutoa mwavuli mita 2 na kuuleta mita 1, ngozi itapata mwanga mara nne, yaani stopu 2 zaidi (kila stopu moja ni mwanga mara mbili). Punguza nguvu ya flashi stopu 2, kutoka 1/2 hadi 1/8, na ngozi itarudi pale pale ilipokuwa. Uso wa mwavuli, hata hivyo, sasa unatoa robo tu ya ukali wa awali, na mng'ao unashuka nao. Doa kali linageuka kuwa utandu mpana wa nuru unaoonyesha mviringo wa shavu na mfupa wake. Ule utandu ndio uzuri wa ngozi nyeusi kwenye picha. Usiuue kwa poda nyingi. Karatasi ya kufyonza mafuta kwenye paji na pua inatosha.

Pembe nayo ina neno lake. Mng'ao hudunda kwa pembe ileile uliyoingilia, kwa hiyo ukiuona mahali pabaya, pandisha taa au isogeze pembeni sentimita 20 na utauona unatembea usoni. Anza na taa ikiwa nyuzi 45 upande mmoja na juu kidogo ya macho, ikitazama chini. Kisha igeuze polepole ili katikati yake ipite mbele ya uso wa mtu na ukingo wake ndio umguse. Mwanga wa ukingoni ni mtulivu kuliko wa katikati, na hauanguki ghafla kutoka shavu moja hadi jingine.

Kuhusu kiasi cha mwanga: mita ya kamera inataka kila kitu kiwe kijivu cha kati. Ngozi nyeusi sana hukaa stopu 1 hadi 1.5 chini ya kijivu hicho, na inafaa ibaki huko. Ukiacha TTL, ile hali ambayo kamera yenyewe huipangia flashi nguvu, iamue, bibi harusi mwenye gauni jeupe atatoka na uso uliozama gizani, kwa sababu gauni limeidanganya kamera. Bwana harusi mwenye suti nyeusi, akipigwa peke yake, atatoka amepaushwa kama aliyepakwa majivu. Weka flashi kwenye manyuali, piga moja, tazama histogramu (mchoro wa kamera unaoonyesha giza kushoto na weupe kulia) na uhakikishe gauni halijagonga ukingo wa kulia, kisha ulete mwanga wa uso kwa kuisogeza taa.

Kupima hatua kwa hatua

Mpangilio ulio rahisi kuliko yote ni flashi moja ya manyuali (Godox TT600 ni mfano unaopatikana kwa urahisi), triga ya kamera (kifaa cha kuiwasha flashi kwa mbali), stendi, kishikizo chenye tundu la mwavuli, na mwavuli mweupe wa kupitisha mwanga wa sentimita 100 hivi. Weka zuma ya flashi kati ya 24 na 35 ili ijaze mwavuli wote. Ukiiacha 105, inawasha katikati pekee na umebaki na taa ya ukubwa wa sahani.

Kwanza zima flashi. Weka ISO 100 (wepesi wa kamera kupokea mwanga), shata 1/200, na tundu la lenzi f/5.6, upige picha ya mazingira peke yake. Ndani ya nyumba itatoka nyeusi kabisa, na hivyo ndivyo unavyotaka ikiwa hutaki rangi ya balbu ichanganyike na ya flashi. Ukitaka mazingira yaonekane, punguza kasi ya shata hadi 1/60, kwa sababu shata inatawala mwanga wa mazingira na haigusi wa flashi. Washa flashi kwa nguvu ya 1/4, mwavuli ukiwa mita 1. Utakuwa karibu na penyewe, stopu moja huku au kule. Rekebisha nguvu, usiguse kamera tena.

Usivuke kasi ya mlandano ya kamera yako, yaani kasi ya juu kabisa ya shata inayokwenda sambamba na flashi. Kamera nyingi huishia 1/200 au 1/250, na ukivuka utaona mkanda mweusi upande mmoja wa picha. Hiyo ni pazia ya shata iliyokuwa bado njiani flashi ilipowaka. Hali ya kasi ya juu huondoa mkanda huo, lakini inakula angalau stopu 2 za nguvu, na kwa flashi ndogo iliyo nyuma ya kitambaa mara nyingi hakuna stopu 2 za kugawa.

Kama una softiboksi, ipige picha yenyewe kabla ya kumpiga mtu. Flashi kwenye nguvu ya chini kabisa, f/22, ISO 100, lenzi ielekee kitambaa moja kwa moja. Ukiona jicho jeupe katikati na pembe zenye giza, taa yako halisi ni lile jicho, hata kama umelipia sentimita 90. Dawa ni kurudisha kitambaa cha ndani ambacho watu wengi hukitoa kwa kudhani kinapoteza mwanga, au kuchomoa kile kioo kidogo cha kutanua kilichofichwa kwenye kichwa cha flashi na kukishusha mbele yake. Vitambaa viwili vinakula stopu 2 hivi. Hiyo ndiyo gharama ya ulaini, na haina njia ya mkato.

Jua letu

Nairobi iko nyuzi 1.3 tu kusini mwa ikweta. Jua la adhuhuri hufika utosini katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba, na hata mwezi wa Juni halishuki chini ya nyuzi 65. Maana yake kwa mpiga picha ni kwamba kuanzia saa nne hadi saa tisa macho ya watu yako kwenye mashimo meusi, na kila mwenye kofia hana uso. Adhuhuri ya kweli ni saa sita u nusu. Saa kumi na moja jioni jua limeshuka hadi nyuzi 22 hivi, na baada ya hapo una saa moja na nusu kabla halijazama. Machweo yetu hayachelewi.

Je, flashi ndogo kwenye mwavuli inaweza kupambana na jua kali? Hesabu inajibu. Jua wazi, ISO 100, shata 1/200, linataka f/11. Flashi ya aina hiyo ikipita kwenye mwavuli, nguvu yote, mita 1, inatoa takriban f/11 au zaidi kidogo. Inafika, lakini imefika mwisho wa pumzi, na baada ya picha chache za nguvu zote inaanza kuchelewa kujaza au inajizima kwa joto. Njia ya busara ni kumtia mtu kivulini, ambako mazingira yanahitaji f/4 hivi kwa shata ileile. Hapo flashi kwenye 1/4 inatawala bila jasho. Ukilazimika kubaki juani, mgeuze mtu alipe jua mgongo, uso uwe kivulini, kisha flashi ijaze ikiwa stopu 1 chini ya jua. Ukitaka kushinda jua kwa softiboksi, tafuta taa ya wati-sekunde 200 yenye betri yake. Hiyo ina nguvu ya flashi ndogo tatu hivi.

Karura, msitu mwingine wa Nairobi, na Arboretum zina tatizo lao: rangi. Chini ya miti, mwanga unaofika usoni umepita kwenye majani, na shingo na upande wa chini wa mashavu huchukua ukijani. Kurekebisha mizani ya weupe (mpangilio wa rangi unaofanya cheupe kionekane cheupe) kwa kompyuta hakutoshi, kwa sababu nguo imepigwa na anga na uso umepigwa na majani. Flashi laini iliyo stopu 1 juu ya mwanga wa mazingira huufunika ukijani huo usoni, na msitu nyuma ukabaki na rangi yake.

Ruracio, mahema na makanisa

Kwenye ruracio, sherehe ya mahari ya Wakikuyu, hema jeupe ni zawadi. Elekeza kichwa cha flashi juu na nyuma ya bega lako, na paa lote linakuwa taa yako. Usikielekeze juu wima ukiwa karibu na mtu, maana mwanga utamwangukia utosini na kumchimba macho, lile kosa la jua la saa sita. Kudundisha hivi hugharimu stopu 2 hadi 3, kwa hiyo pandisha ISO hadi 800 bila woga. Kipande cha karatasi nyeusi nzito, sentimita 10 kwa 15, kikifungwa kwa mpira kwenye upande wa flashi unaotazama watu, huzuia mwanga wa moja kwa moja usiharibu kazi ya paa.

Hema la rangi ni habari nyingine kabisa. Paa la bluu au mapazia ya zambarau yatarudisha rangi hiyo usoni pa wazee wote wa pande mbili. Hapo usidundishe kamwe. Weka flashi mbili kwenye stendi, kila moja na mwavuli wake, kwenye pembe mbili za mbele za hema, juu ya mita 2.2, zikitazama katikati. Nguvu 1/4, ISO 800. Mwanga wa hema wenye rangi utabaki nyuma, na nyuso zitapata mweupe safi.

Makanisa yenye dari ya mbao nyeusi iliyo mita 8 juu hayarudishi kitu, hata ukimaliza betri. Tafuta ukuta mweupe wa pembeni, au msaidizi ashike mwavuli kwenye mti mrefu. Kama balbu za kanisa ni za manjano, funga jeli (plastiki nyembamba inayopitisha mwanga) ya rangi ya chungwa mbele ya flashi na uweke mizani ya weupe karibu na kelvini 3200. Bila jeli, mtu wa mbele atakuwa wa kawaida na kanisa lote nyuma litakuwa rangi ya chungwa. Na uliza kabla ya ibada kama flashi inaruhusiwa.

Kwenye harusi kubwa, flashi yako ikianza kuwaka bila wewe kubonyeza, kuna mpiga picha au mtu wa video anayetumia mfumo uleule kwenye chaneli ileile. Mfumo wa Godox una chaneli 32. Toka kwenye 1, ambako wengi wamekaa kwa sababu hawajawahi kuigusa.

Fremu ya kujitengenezea

Ninaipenda kazi ya kuunda fremu ya kitambaa cha kupitishia mwanga wa flashi kwa sababu inampa anayeanza taa kubwa kuliko softiboksi nyingi za dukani. Bomba la PVC la nusu inchi huuzwa kwa urefu wa mita 6. Kata vipande viwili vya mita 1.5 na viwili vya mita 1, uunge kwa kona 4 bila gundi ili lifunguke na kuingia matatu. Linabaki kama mita 1 la kukazia katikati lisipinde. Kitambaa kinunue Biashara Street: cheupe, chepesi, kisicho na mchoro, upana wa inchi 60, urefu wa mita 1.7. Kikunje kwenye bomba na ukibane kwa vibanio vya nguo kila sentimita 20.

Kabla ya kulipa, kiweke mkononi uelekeze tochi ya simu nyuma yake. Ukiona kitone cha tochi wazi, ni chepesi mno, kiweke mara mbili. Kisipopitisha kitu, ni cha kushona mapazia. Jihadhari na vitambaa vilivyotiwa dawa ya kung'arisha weupe, hasa vilivyofuliwa kwa sabuni ya unga: dawa hiyo hugeuza miale isiyoonekana ya flashi kuwa bluu, na ngozi inatoka na ubaridi. Piga karatasi ya kijivu kupitia kitambaa, weka mizani kwa picha hiyo, na tatizo limekwisha.

Flashi ikae mita 1 nyuma ya fremu ili ijaze kitambaa chote. Ikikaa sentimita 30, umepata jicho jeupe tena. Taa zenye balbu ya moto ya kuonyeshea ziweke mbali, zinaweza kuchoma kitambaa.

Ndani ya bedsita lenye kuta za krimu au kijani kuna shida moja zaidi: mwanga unaotoka nyuma ya flashi na kandokando hugonga kuta na kurudi na rangi, na vivuli vyote vinajaa mpaka uso unakuwa bapa. Tundika khanga nyeusi au blanketi jeusi upande ulio mkabala na taa. Uso utapata umbo lake papo hapo.

Upepo na vikundi

Mwavuli ni tanga. Mguu mmoja wa stendi uelekee upande mwavuli ulikoegemea, na jerikeni la lita 5 lililojaa maji lining'inie kwenye shina la stendi, chini kabisa, karibu ligonge ardhi. Hiyo ni kilo 5 inayopatikana popote bila kubebwa. Upepo ukizidi, msaidizi ashike stendi.

Picha ya ukoo mzima haikubali taa ya karibu. Taa ikiwa mita 1 kutoka mstari wa mbele na mita 1.5 kutoka wa nyuma, wa nyuma wanapungukiwa na stopu 1.2 na wanaonekana wamesimama kwenye chumba kingine. Irudishe hadi mita 3 na nusu mita ileile inagharimu chini ya nusu stopu. Ulaini utapungua, kwa hiyo tumia mwavuli wa sentimita 150 au zaidi, uupandishe mita 2.5, uelekee mstari wa nyuma, nao wa mbele wapate ukingo wake. Funga tundu hadi f/8. Wenye miwani waombe wainue vikono vya miwani kidogo juu ya masikio ili vioo vitazame chini, na mwavuli utatoweka kwenye macho yao.